Zimwi, Wezi Watatu na Mvulana Aliyefichwa Ukweli

Nilikuwa nikipanga masanduku. Ni kazi ambayo kila mkusanyaji wa Pokémon, mchezo wa video wa kunasa viumbe kwa mipira na kuwapambanisha, huifanya hadithi inapokwisha: unafungua hifadhi, unawahamisha viumbe mmoja baada ya mwingine, unawapanga kwa namba zao katika orodha kuu, na mikono inaendelea na kazi huku akili ikiwa kwingine kabisa. Nikamweka Okidogi, namba 1014. Nikamfuatisha Munkidori, 1015, kisha Fezandipiti, 1016. Nikamchukua Ogerpon, 1017, nikamleta kwenye nafasi iliyokuwa wazi kando ya Fezandipiti, na hapo kidole kikasita juu ya kitufe.

Hao watatu ndio waliomwibia vinyago vyake.

Yeye ndiye aliyewaua.

Orodha haina habari hiyo. Kwa orodha, hizo ni namba nne zinazofuatana, na aliyezijaza zote anastahili pongezi. Wale watatu nilikuwa nimewanasa mmoja mmoja, mahali walipotawanyikia baada ya hadithi kuu, bila uzito wowote moyoni. Ogerpon nilimnasa nikiwa karibu kutokwa na machozi. Na sikuwahi kutambua kwamba nilikuwa nikifanya jambo lile lile mara nne. Tangu hapo The Hidden Treasure of Area Zero, nyongeza ya Pokémon Scarlet na Violet ambayo nilidhani nimeimaliza na kuiweka kando, imekuwa ikinirudia wiki baada ya wiki. Nayo inaporudi haiji na sura ya Ogerpon, wala ya Terapagos, ingawa hao ndio waliopamba matangazo yake.

Inakuja na sura ya Kieran.

Hadithi ya kwenye vibao

The Teal Mask, sehemu ya kwanza ya nyongeza, ilitoka tarehe 13 Septemba 2023, na kazi inayompa mchezaji mwanzoni ni nyepesi kiasi kwamba wengi waliipita mbio: kutembea na Kieran, mvulana wa Kitakami, nchi ya mashambani ndani ya mchezo, kutoka kibao kimoja hadi kingine, kusoma habari za zimwi lililowatia watu wa huko hofu na za mashujaa watatu waliopambana nalo hadi wakapoteza maisha, kisha kupiga picha mbele ya kila kibao. Ni safari ya shule, kwa hiyo ina uvivu wa safari za shule. Mimi mwenyewe nilikuwa nikikengeuka kila mara kufukuza Poltchageist kwenye majani.

Anayezifahamu ngano za Kijapani hakuhitaji kufika kibao cha pili. Mashujaa hao, ambao ndio Okidogi na wenzake, ni mbwa, tumbili na ndege wa jamii ya kwale, na hao ndio wanyama watatu wanaomfuata Momotaro, mtoto aliyeteremka na mto ndani ya pichi, akalelewa na wazee wawili wasio na mtoto, akawagawia wanyama hao maandazi ya nafaka njiani, wakaenda pamoja kisiwani kuwapiga mazimwi na kurudi nyumbani na hazina. Waandishi wa mchezo walichukua kisa hicho wakakigeuza ndani nje. Kurudi nyumbani na hazina ya zimwi, ukikutazama kutoka upande wa zimwi, ni wizi.

Hata jina la mahali limechaguliwa kwa makusudi. Kitakami ni jina la mto na mji katika mkoa wa Iwate, kaskazini mwa Japani, na mji huo unajulikana kwa ngoma ya Oni Kenbai, ambayo wachezaji wake huvaa vinyago vya kutisha na kushika panga. Atazamaye kwa mara ya kwanza atasema anaona mazimwi. Lakini vinyago hivyo havina pembe, kwa sababu vinawakilisha nguvu takatifu za Kibudha zinazokuja kufukuza maovu. Ngoma hiyo ni mojawapo ya ngoma za Japani zilizoingizwa na UNESCO mwaka 2022 katika orodha ya urithi usioshikika, na mwaka mmoja baadaye mchezo ukatuletea Kitakami nyingine, yenye sherehe ya vinyago na zimwi ambalo si zimwi. Sidhani hilo lilitokea kwa bahati.

Jambo ambalo sikulipa uzito wakati ule ni kwamba Kieran alilipenda zimwi kabla ya kujua ukweli wowote. Kijiji kizima kilikuwa kimelishwa hadithi moja, na yeye, akiwa na hadithi ile ile mikononi, akaisoma vingine: aliona mtu mmoja aliyesimama peke yake dhidi ya watatu, akaona nguvu, na nadhani aliona pia upweke aliokuwa akiufahamu. Hakuhitaji kuthibitishiwa kwamba zimwi halikuwa na hatia. Alilipenda na hatia yake.

Kwa hiyo, ikiwa kuna mtu katika Kitakami nzima aliyestahili kuambiwa ukweli kabla ya wengine wote, ni yeye.

Majibu mawili, maana moja

Usiku wa sherehe, Kieran akiwa mbali, mimi na dada yake, Carmine, tunakutana na mgeni mfupi aliyefunika uso. Carmine anamkabili kwa ukali kama ilivyo kawaida yake, mgeni anatimua mbio, kinyago kinaanguka, na uso unaoonekana ni wa zimwi lenyewe, Ogerpon. Baadaye babu yao anatusimulia mambo yalivyokuwa. Ogerpon alifika Kitakami zamani akiwa na mwanamume mmoja kutoka nchi ya mbali, wakaogopwa kwa ugeni wao. Fundi mmoja wa vinyago, ambaye ndiye jadi ya familia hiyo, akawahurumia na kuwatengenezea vinyago vya kupendeza ili waje kwenye sherehe bila kufukuzwa. Sifa za vinyago zikaenea hadi mbali. Watatu wakaja kuvichukua. Mwanamume yule akatoweka katika mapambano, na Ogerpon akakuta kimesalia kinyago kimoja. Akashuka kijijini na hasira zake, akawaangamiza wale watatu. Wanakijiji waliona mwisho tu wa jambo hilo, na kwa mwisho huo wakaandika vibao.

Kisha Carmine anaamua kwamba Kieran asiambiwe.

Sababu yake si mbaya. Anaona kwamba mdogo wake, aliyeliota zimwi tangu utotoni, atavunjika moyo akijua kwamba lilijitokeza usiku ambao yeye hakuwapo. Ni huruma, ila ni huruma ya mtu aliyezoea kuamua kwa niaba ya mwenzake. Mchezo unakugeukia na kukupa nafasi ya kujibu, na kama ilivyo karibu kila mahali katika michezo hii, majibu yote yanakwenda njia moja. Unaweza kukubali kwa moyo au kukubali kwa kusitasita. Hakuna jibu la kumwita Kieran arudi.

Hapa ndipo shaka yangu ya kwanza ilipoanzia, na nilibishana nayo kwa siku nyingi. Je, uongo ule ulikuwa wangu? Kwa upande mmoja sikuuchagua. Nilibonyeza kitufe kwa kuwa ndicho pekee kilichosogeza maneno mbele. Kwa upande mwingine, nimecheza michezo hii kwa muda mrefu nikiyachukua mafanikio ya mhusika asiyesema kuwa ni yangu, tangu nishani hadi ubingwa, na sikuwahi kusema hata siku moja kwamba ushindi ule aliupata mwingine. Siwezi kujigawia nishani na kumwachia yeye uongo.

Kieran anakuja kuyajua mambo kwa masikio yake mwenyewe, na anachokipata ni kipande tu: kwamba kuna kitu, kwamba tunakijua, kwamba tumemficha. Wanakijiji waliona mwisho wa jambo wakakosea; naye amesikia katikati yake. Anakichukua kile kinyago kilichoanguka, ambacho kimekwisha kukarabatiwa, anadai pambano, anashindwa, anakirudisha, kisha kwa uchungu anaupiga ngumi mnara wa wale mashujaa watatu.

Na watatu wanaamka.

Nemona alinizoesha vibaya

Ili kueleza kwa nini kushindwa kwa Kieran kulinikaa vibaya, lazima nirudi kidogo kwenye mchezo wenyewe, ule wa tarehe 18 Novemba 2022. Mshindani wako kule ni Nemona, msichana mwenye ubingwa tayari, ambaye anajenga timu mpya kwa kukufuata wewe hatua kwa hatua ili aone utakavyokua. Anataka umshinde. Kila unapomshinda anafurahi kuliko wewe. Mwanafunzi mwenzako Arven anapata msaada aliouhitaji, mwingine, Penny, anapata marafiki, na wewe unatembea katikati yao ukishinda kila kitu, na kila ushindi ni zawadi kwa mtu fulani.

Nilifikiri ndivyo ulimwengu ule ulivyo. Kieran ndiye wa kwanza ambaye ushindi wangu ulimpunguzia kitu.

Anaanza kwa kukupenda. Hilo nalo ni rahisi kulisahau ukishamwona alivyokuwa baadaye. Ni mvulana mwenye haya, anayejificha nyuma ya dada yake, na anapopigwa nawe mara ya kwanza anashangaa kwa furaha, kama aliyepata mtu wa kumwiga. Halafu anapigwa tena, na tena. Unakutana na zimwi lake. Babu yake anakusimulia siri ya ukoo wao mbele ya dada yake, wewe mgeni wa siku chache, naye yuko nje ya mlango. Katika mchezo mwingine wowote matukio hayo yangeitwa bahati ya shujaa; hapa yamepangwa mbele ya macho ya mtu anayeyahesabu.

Nani anamchagua nani

Pambano la mwisho la The Teal Mask ndilo nililolichambua zaidi kuliko yote, na ndilo lililonibadilisha msimamo mara mbili.

Wezi wameshindwa, vinyago vimerudi, kijiji kimejua ukweli, na Ogerpon anaonyesha kwamba anataka kwenda nami. Hapo Kieran anasema kwamba naye anamtaka, na anaomba pambano ili mshindi ndiye aondoke naye. Mara ya kwanza nilipolipitia nilikasirikia mchezo. Niliona ni ukatili kumlazimisha mchezaji ampige mtoto mbele ya kitu pekee anachokipenda, kisha muziki wa ushindi upigwe. Ningependa ningeweza kusema hapana. Ningependa hata pambano ambalo ningeruhusiwa kulipoteza na hadithi ikaendelea, kama yalivyowahi kuwapo mengine. Hili halikubali, ukipoteza unarudishwa ujaribu tena.

Baadaye nikaona kitu kingine. Ogerpon alikuwa ameshachagua. Alichokiomba Kieran ni kwamba uamuzi wa zimwi uwekwe kando na jambo hilo liamuliwe na sisi wawili kwa ubabe, na tofauti kati ya ombi hilo na walichofanya wale watatu ni ndogo kuliko nilivyotaka kukiri. Mvulana aliyelipenda zimwi kwa sababu lilinyang'anywa kila kitu alikuwa tayari kulishindania kama kitu. Nilipofika hapo nilijisikia nafuu. Basi kosa ni lake, nikasema, na nafsi ikatulia.

Haikutulia kwa muda mrefu, kwa sababu jambo linalofuata mara moja baada ya Kieran kukimbia ni mimi kupigana na Ogerpon. Anabadilisha vinyago katikati ya pambano, kimoja cha majani, kingine cha maji, cha moto, cha mwamba, na kila anapobadilisha anapata nguvu upya, hadi anachoka na unapewa nafasi ya kurusha mpira. Mchezo unatueleza kwamba anafanya hivyo kwa hiari, kwamba anataka kuona kama unafaa, na mimi naamini maelezo hayo. Lakini mpira ni mpira. Kiumbe aliyechagua kwa hiari yake na kiumbe aliyenaswa kwa nguvu huingia kwenye sanduku moja, kwa sauti ile ile, na baada ya hapo Pokédex, ile orodha kuu, inafunguka na kumpa namba.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha, walisema wahenga; hawakusema lolote kuhusu wewe unayelijua zimwi.

Miezi mitatu

The Indigo Disk, sehemu ya pili, ilitoka tarehe 14 Desemba 2023. Kati ya sehemu mbili za nyongeza ilipita miezi mitatu, na ninasisitiza kwamba miezi hiyo ni sehemu ya hadithi, iwe ilikusudiwa au haikukusudiwa. Mwishoni mwa Kitakami tulimwacha Kieran amejifungia, hataki kuonekana, na sisi tukaenda zetu. Tulijaza orodha ya Kitakami yenye Pokémon 200, tukamsaidia Perrin, mpiga picha, kumsaka yule Ursaluna wa mwezi mwekundu, tukarudi kwenye shughuli nyingine. Anayeinunua nyongeza leo huziunganisha sehemu hizo jioni moja, na sina hakika kwamba Kieran anayekutana naye ni yule niliyekutana naye mimi.

Maana huyu wa chuo cha Blueberry, kule baharini katika nchi ya Unova, amebadilika kama mtu aliyepewa muda wa kubadilika. Nywele zimevutwa nyuma, macho yamechoka, sauti imekuwa ya kuamrisha. Amekuwa bingwa wa ligi ya chuo na anaiongoza klabu kwa mkono mzito kiasi kwamba Drayton, bingwa aliyeondolewa, anakutumia wewe kumng'oa. Njia ya kumfikia imejaa vikwazo ambavyo sitavieleza kwa urefu: kukusanya alama kwa kazi ndogo ndogo, kumtengenezea Crispin mkate wenye pilipili, kuruka angani kwa ajili ya Amarys, kujibu maswali ya Lacey, wote wanafunzi hodari wa ligi hiyo. Kuruka kulinifurahisha. Mengine ni kujaza nafasi.

Lakini timu ya Kieran ilistahili safari yote. Ligi ya Blueberry hupigana wawili kwa wawili, na aliponisubiri mwisho wa njia alikuwa na Politoed, Porygon-Z, Dragonite, Grimmsnarl, Incineroar na Hydrapple. Yeyote aliyefuatilia mashindano rasmi ya mtindo huo anamjua Incineroar. Kuna misimu ambayo ungeweza kudhani kanuni zinamlazimisha kila mtu awe naye, kwa jinsi anavyopunguza nguvu za wapinzani kwa kuingia tu uwanjani. Kieran hakumpenda Incineroar. Alimsomea. Ukiacha wachache, timu ile si ya mtu aliyekutana na viumbe njiani. Ni ya mtu aliyekesha akitafuta nini hushinda, akatupa kila kilichokuwa dhaifu, na akaanza kuwatazama wenzake wa klabu kwa jicho hilo hilo.

Niliwahi kuwa mchezaji wa namna hiyo, kwa hiyo nilimtambua haraka, na nadhani wengi wanaocheza kwa bidii walimtambua. Tofauti ni kwamba sisi tunafanya hivyo kwa kupenda hesabu. Yeye alifanya hivyo kwa sababu nilimshinda.

Nikamshinda tena.

Dakika chache za Terapagos

Kitu ambacho sikukitarajia kilitokea chini kabisa ya Area Zero, shimo refu lililoipa nyongeza jina lake. Tunashuka pamoja na mwalimu Briar, aliyekuwa akiitafuta hazina iliyofichwa kwa miaka, na mbele yetu anazinduka Terapagos. Nilijua kinachofuata, kwa sababu hufuata sikuzote: kiumbe wa kale anamtazama mchezaji, mchezaji anarusha mpira, orodha inaongezeka. Vidole vilikuwa tayari.

Kieran akarusha Master Ball.

Master Ball haikosi. Ilikuwa imekwisha kabla sijaelewa. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kucheza michezo hii, kiumbe aliyekuwa kwenye jalada alichukuliwa na mtu mwingine mbele yangu, kwa halali, kwa kanuni zile zile ninazozitumia mimi. Na hisia iliyonijia haikuwa kumfurahia. Ningependa kuandika kwamba niliwaza, hatimaye amepata chake. Niliwaza: huyo ni wangu.

Nilikitazama kioo nikiwa na wivu mkavu, na hapo hapo nikafahamu nilichokuwa nikikiona kwenye uso wake tangu Kitakami.

Mchezo hauniachi nibaki na hisia hiyo. Kieran anamtumia Terapagos dhidi yangu, anashindwa, anamlazimisha aonyeshe nguvu ambazo yeye mwenyewe hawezi kuzizuia, mpira unavunjika, kiumbe anawageukia wote, na Kieran anaduwaa. Tunapigana upande mmoja, mimi naye, kwa mara ya kwanza, na mwishoni nafasi ya kurusha mpira inarudi mkononi mwangu. Terapagos, namba 1024. Kieran anaomba radhi, anaomba tuanze urafiki upya, na tukio limeandikwa vizuri. Sina lalamiko juu ya maneno yake.

Lalamiko langu ni juu ya vipimo. Mimi nilinyang'anywa nilichokitamani kwa dakika chache, nikarudishiwa. Yeye alikikosa tangu Septemba hadi Desemba, kisha akapewa somo kwamba kukitamani kulimharibu. Waandishi waliliona tatizo, kwani wasingeliandika tukio la Master Ball kama hawakuliona. Walinifikisha mahali pa kuonja hasara kama anavyoionja mtu mwingine yeyote wa ulimwengu ule, halafu wakakumbuka kwamba nimelipia nyongeza na orodha lazima ijae.

Nimejiuliza kama ningeinunua nyongeza ambayo Terapagos anabaki kwa Kieran. Jibu la kweli ni kwamba ningeilalamikia kwa wiki moja na kuikumbuka maisha yangu yote.

Wazee wawili

Tarehe 11 Januari 2024 iliongezwa hitimisho fupi, Mochi Mayhem, lenye kiumbe mmoja mpya, Pecharunt, mwenye umbo la pichi. Nililicheza kwa shingo upande. Niliposikia kwamba wale wezi watatu walikuwa wamelishwa mochi, yaani keki ya mchele, yenye sumu inayoamsha tamaa na kumfanya mlaji awe mtumwa, nilidhani hadithi inawafutia watu wote makosa yao. Mashujaa waligeuka wezi. Sasa wezi wanageuka wahanga. Tukiendelea hivi hapatabaki mwenye hatia hata mmoja, nikasema, isipokuwa tunda.

Nilikuwa nimesoma upesi mno. Pecharunt naye alitumwa na mapenzi. Wazee wawili walimlea, naye akataka wafurahi, akawalisha mochi, na kila walivyokula walitamani zaidi, mpaka siku waliposikia kwamba mbali huko kuna vinyago vizuri mno. Wakavitaka. Hawakuwa na ugomvi na Ogerpon wala na yule mwanamume wake. Pengine hata hawakujua kwamba wapo. Walisikia tu kwamba kuna vitu vya kupendeza ambavyo wao hawana. Yale maandazi ya Momotaro, ambayo kwenye ngano hununua uaminifu wa wanyama, hapa yamekuwa kamba, na wazee wema wa mwanzo wa kisa wamekuwa ndio chanzo cha safari ya kupora.

Chanzo cha mambo yote, basi, ni watu waliotaka kukamilisha mkusanyo.

Sijui kama nimeliweka mimi jambo hilo au lilikuwapo. Ila Pecharunt ni namba 1025, na siku ile ile niliposoma kisa chake nilimpiga, nikamrushia mpira, nikamweka kwenye sanduku. Kieran alikuwa kando yangu katika shida yote ile, akipigana vizuri. Mchezo haukuniuliza kama na yeye angependa kuwa na kiumbe huyo.

Alichobaki nacho

Kati ya wale sita aliokuwa nao kwenye ubingwa kuna mmoja sijamzungumzia. Katika pambano la mwisho la Kitakami, lile la kumgombania Ogerpon, Kieran alikuwa na Dipplin, Pokémon wa tufaha lililochovywa sukari; na Kitakami ni nchi ya mashamba ya matufaha, kwa hiyo ni kiumbe wa nyumbani, wa kawaida. Kule Blueberry alikuja na Hydrapple. Ni ukoo ule ule, umekua. Katika usafi wote ule wa kutupa vilivyo dhaifu, tufaha halikutupwa.

Nilipotaka Hydrapple wa kwangu kwa ajili ya orodha, ilinibidi nijifunze anavyopatikana. Dipplin habadiliki kwa kupanda kiwango peke yake. Lazima kwanza ajue mbinu iitwayo Dragon Cheer, ambayo haimdhuru mpinzani na haimwongezei nguvu anayeitumia. Humtia moyo mwenzake aliyesimama kando, ili mapigo yake yapate nafasi kubwa ya kuwa makali. Ukiwa peke yako uwanjani haina kazi yoyote. Maana yake ni kwamba katika ile miezi mitatu ambayo Kieran hakumtia moyo mtu yeyote, alipokuwa akiwafokea wenzake na kutoongea na dada yake, kuna jioni fulani alikaa akamfundisha Dipplin wake kufanya hivyo, akarudia mpaka akaweza. Waandishi hawakuionyesha jioni hiyo, na hakuna mhusika anayeitaja, lakini kwa kanuni za mchezo wenyewe haiwezekani kwamba haikuwapo.